Supu Juu ya Maziwa

Magomeni, 6 Mei 2025

Mwanangu Anfal,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute mzima, wewe na mtoto wetu Lujain, na kama kuna mmoja wenu hajisikii vizuri basi Mungu amwondolee maradhi hata kabla hujafika mstari wa mwisho. Sisi huku wazima. Baba yako mzima, mguu tu ndio unamvimba akisimama sana kwenye kibanda chake cha spea pale Gerezani, anakusalimu, na mtoto kashampa cheo, anamwita Meneja, eti kwa sababu hajamwona sawasawa lakini nyumba nzima inamtii. Kaka yako Ridhiwani mzima, anakusalimu. Bibi yako mzima wa mdomo, macho ndiyo yamekataa, kila asubuhi anauliza Anfal kashafika? Namwambia yuko njiani. Ananiambia njia gani hiyo ya Kariakoo mpaka Magomeni inayomaliza mwezi. Jirani Celina anakusalimu na wanawe. Hata paka wako mzima, kazaa tena, chini ya kitanda chako. Yeye kazalia kwao.

Baada ya salamu, nimeshika kalamu mwenyewe, usicheke mwandiko. Ningemwambia Ridhiwani aniandikie lakini mengine ya humu si ya wanaume. Unajua niliishia la nne, herufi zangu zinatembea kama kuku waliofunguliwa asubuhi, wewe zifuate tu.

Simu yako mwanzo ilikuwa inaita haipokelewi, sasa haiiti kabisa. Nikampigia mama mkwe wako. Akaniambia, "Bi Hind, mzazi hataki makelele. Simu nimeifungia kabatini, mwanga wake unamzidishia upepo mwilini." Nikamuuliza Bi Amira, upepo gani unaotoka kwenye simu? Akasema, "Wewe huwezi kuelewa." Akakata.

Mimi naelewa. Naelewa kwamba mzazi wa mtoto wa kwanza arobaini yake ni kwa mama yake. Tulikubali wakupeleke kwao Kariakoo kwa sababu ulipasuliwa na pale ni karibu na hospitali. Walisema wiki moja, kidonda kishike, kisha uletwe. Mumeo Muhannad akasafiri zake China kufuata mzigo, na wiki ile ndiyo hii haina mwisho.

Siku ya aqiqa, mtoto alipochinjiwa, nilipokuja na supu ya pweza unajua kilichonipata mlangoni. Bi Amira kafunua hotpoti, kanusa, kafunika. "Mzazi kashakunywa maziwa, samaki hapandi juu yake." Nikasema mimi nimezaa na nimenyonyesha, na pweza ndiye aliyenijaza maziwa, kabla hata wanaume hawajamfanya dawa yao huko barabarani. Watu wakacheka. Nadhani kile kicheko ndicho hakunisamehe. Kaniambia nisipande ngazi zake tena mpaka arobaini iishe, nisije nikakusumbua.

Sasa nimepata njia. Hyasinta anayewafulia hapo kwenu anakaa nyuma ya nyumba yetu. Nimemwomba, kakubali. Hotpoti ataileta ndani ya beseni la nepi, juu kaweka nguo. Barua iko chini ya hotpoti kwenye mfuko. Supu ni ya pweza, nimeitia ndimu na pilipili manga, imechemka mpaka imekuwa nzito. Kunywa yote.

Wanakulisha nini huko? Niambie kweli. Na utatoka lini? Nataka Idi Kubwa uwe hapa. Nijibu kesho hiyohiyo, Hyasinta akirudi, usiniache nahesabu vigae vya paa.

Mama yako,
Hind


Kariakoo, 8 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Msalimie Baba, mwambie Meneja anamsubiri kwa hamu. Msalimie Bibi, mbusu kwa niaba yangu, na Ridhiwani, na jirani Celina. Paka mwambie hongera.

Mama, nimelia nilipoona mwandiko wako. Sikucheka. Haya, kidogo pale kwenye kuku.

Usiwe na wasiwasi. Bi Amira hanitesi. Kila asubuhi ananikanda mwili mzima kwa mafuta ya ufuta ya moto, mpaka nyayo, halafu ananifunga tumbo na kanga. Yeye mwenyewe aliumwa tumbo miaka, unakumbuka alivyokuwa kakonda kwenye harusi yangu. Hospitali zote alizimaliza. Akapata tabibu mmoja wa Kihindi, mtaa wa nyuma hapa, anayetibu kwa chakula, elimu yao ya zamani inaitwa Ayurveda. Akapona. Sasa anaamini kila aliyeko hapa duniani atapona vilevile.

Wanasema tumboni kuna moto, ndio unaopika chakula mara ya pili. Mzazi moto wake umefifia na upepo umemjaa, kwa hiyo hapewi kitu cha baridi, na dirisha halifunguliwi. Halafu vyakula vina tabia zao kama watu. Maziwa na samaki hawakai pamoja. Maziwa na ndizi hawakai pamoja. Tunda linaliwa peke yake, si baada ya wali. Asali haitiwi kwenye chai ya moto. Mtindi usiku hapana. Bi Amira anasema, "Hao ni wake wenza, mwanangu. Kila mmoja mzuri kwake. Ukiwaweka chumba kimoja watagombana, na uwanja wa kugombania ni wewe." Na kubwa kuliko yote, usile juu ya chakula ambacho hakijasagika. Hata kama ni kizuri. Anasema hicho cha pili ndicho kinachogeuka sumu.

Asubuhi nakula kichri ya mchele na choroko na samli. Alasiri maziwa ya moto na tende na hiliki, bakuli kubwa, anakaa hapohapo mpaka nimalize. Usiku supu ya dengu.

Supu yako ilifika na Hyasinta alasiri, bado ina moto. Nimeinywa bafuni, nimefungulia bomba ili kijiko kisisikike. Mama, ilinuka nyumbani kabisa! Nimelamba mpaka mfuniko.

Kutoka sijui. Ngazi za huku zina geti la chuma kila ghorofa, ufunguo anao yeye kiunoni. Si kwa ubaya, ni wezi wa hapa mjini. Nimesogeza pazia kidogo. Naona mwendokasi zinaenda Gerezani na naona vichwa vya watu tu, juu kwa juu. Watu wa Kariakoo wote wana haraka. Nawaonea wivu hata wanaogombana.

Mtoto mzuri, ananyonya vizuri.

Mwanao,
Anfal


Magomeni, 10 Mei 2025

Anfal mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima wote niliokutajia juzi, hakuna aliyepungua, Bibi yako tu kaongeza maswali.

Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha nikamsomea baba yako vipande. Kile cha bomba sikumsomea.

Mwanangu, choroko? Dengu? Huyo mwanamke anakulisha kama njiwa wa Mnazi Mmoja. Mtu kapasuliwa, damu imemtoka, anapewa nafaka! Hyasinta kaniambia uso wako umekuwa mwembamba na macho yameingia ndani. Nilimbana mpaka akasema. "Bi Hind, dada Anfal kapauka." Usiku ule sikulala, nilikuwa naona uso wako tu.

Mimi sisemi yule Mhindi ni mwongo. Kila watu na dawa zao. Lakini sisi tulikula samaki wa nazi na tukashushia chai ya maziwa tangu babu zetu walipofika pwani hii, na tumbo langu halijawahi kugeuka uwanja wa wake wenza.

Basi nimeamua. Hyasinta sasa atakuja kila siku, nimezungumza naye. Leo kuna pweza, na nimeongeza mkate wa mchele, na embe dodo nimelikatakata chini kabisa ndani ya kikopo. Kesho mtori wa ndizi na nyama. Keshokutwa nitaona. Kula yote, Anfal. Usiache kwa kuogopa. Kila hotpoti ikirudi naifunua kwanza kabla sijavua kanga, nikiona imekwisha roho yangu inatulia, najua leo mwanangu kashiba. Ile hotpoti ndiyo simu yangu sasa.

Maziwa yake kunywa tu, usimkasirishe. Akitoka chumbani, ndiyo ule vya kwenu.

Vumilia kidogo. Arobaini inakaribia, na akili ya mwanamke ni kuvumilia mahali ambapo mlango haujafunguka. Nijibu upesi, hata maneno mawili.

Mama yako


Kariakoo, 15 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika harakaharaka, Hyasinta anaanua nguo juu.

Tumbo langu limevurugika. Lilianza taratibu, nikadhani ni kidonda. Sasa naenda chooni mpaka miguu inatetemeka. Bi Amira kamwita tabibu wake. Mzee mpole, kanishika mkono, kaangalia ulimi, kaniuliza, "Binti, unakula juu ya chakula?" Nikasema hapana. Bi Amira kaniuliza mbele yake, "Umekula kitu chochote nisichokupa mimi?" Nikasema hapana. Akasema niape. Nikaapa, Mama. Nimeapa na mtoto yuko mapajani.

Tabibu kasema arobaini haiwezi kufungwa tumbo likiwa hivi, moto ukizimika sasa nitaumwa maisha. Kwa hiyo siku zinaanza kuhesabiwa upya siku tumbo litakapotulia. Likichafuka tena, zinaanza upya tena. Nimelala naangalia pangaboi lililofungwa kwa kamba ili lisizunguke.

Mtoto naye analia sana, anajinyonga tumbo. Bi Amira anasema maziwa yangu yanambebea ugomvi wote.

Supu za wiki hii zimefika zote. Nimekula. Na mtori. Na kaimati za jana.

Usije, tafadhali. Ukija atajua.

Anfal


Magomeni, 17 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Leo salamu utanisamehe nafupisha, wote wazima, wote wanakuombea dua.

Nimekuja. Usishtuke, sikupanda. Jana nilimwambia baba yako nakwenda kununua viungo sokoni. Nikasimama ng'ambo ya barabara, pale kwenye duka la vitenge, nikatazama juu mpaka shingo ikaniuma. Nimehesabu madirisha nikapata lako, pazia la kijani. Nilikuwa naomba ulisogeze. Muuza vitenge kaniambia, "Mama, unanunua au unafanya upelelezi?" Nikamwambia nachagua rangi.

Nikageuka, nikagongana uso kwa uso na Bi Amira, kapu mkononi, choroko na ufuta. Mwanangu, yule mwanamke macho yalikuwa mekundu. Nilijiandaa kwa vita nikaona ananiangalia kama mtu aliyepotelewa. Akasema, "Bi Hind, binti yako haponi na mimi sijui kwa nini. Nampa kila kitu kama nilivyopewa mimi nikapona. Kila kitu kwa saa yake. Nafanya nini vibaya?"

Ningeweza kusema kitu cha maana. Ulimi wangu ukasema, "Mpe chakula."

Akahamishia kapu mkono wa pili. Halafu uso ukarudi vilevile kama wa siku ya aqiqa. Akasema kama mtoto hatulii, atamwachisha ziwa, atamhamishia chumbani kwake na maziwa ya kopo, wewe upumzike peke yako mpaka upone. Akaondoka na kapu lake.

Mtoto wa mwezi mmoja na siku zake! Nimerudi mbio. Nimemwambia baba yako tuende tukakuchukue, kasema, "Hind, ni nyumba ya watu, ni mke wa mtu, mumewe hayupo, tutamchukua kwa idhini ya nani?" Nikamwambia idhini ya tumbo langu lililomzaa. Kainama, anakanda mguu wake.

Basi kama hatuwezi kukutoa, nitakutia nguvu humohumo. Leo hotpoti ni ile kubwa ya harusi. Supu imechemka tangu alfajiri, nimeweka pweza na kichwa cha samaki, maana mwenye tumbo la kuharisha anahitaji chumvi na mchuzi. Kunywa asubuhi na jioni. Maziwa yako yakijaa mtoto atatulia, na akitulia hana sababu ya kumchukua. Sikia ninavyokuambia, Anfal. Usirudishe hata tone.

Nipe neno haraka, roho iko mkononi.

Mama


Magomeni, 24 Mei 2025

Anfal,

Hujajibu. Nimeleta hotpoti Jumapili, Jumatatu, na kila siku iliyofuata, zinarudi zimeoshwa, barua hakuna. Nikajifariji, madhali hotpoti ni tupu mwanangu yupo.

Leo imerudi imejaa.

Nimeifunua na kanga bado begani. Supu ileile niliyoipakua jana, imechacha, mafuta yamegandia juu, pweza hajaguswa. Hyasinta nimemshika mikono yote miwili. Anasema hakukuona. Anasema ulipokea mlangoni ukarudisha hivyohivyo, hukusema kitu, na kwamba mtoto alisikika akilia chumba kingine. Chumba kingine kipi? Nikamuuliza Hyasinta sauti ya Anfal ulisikia? Akasema, "Mlango ulifunguka kidogo tu, Bi Hind, nikaona mkono."

Mkono tu. Mimi mtoto wangu kabakia mkono.

Umeacha kula? Wamekuambia nini? Umenikasirikia? Kama ni ile barua yangu ya ukali, nisamehe, mama anapoogopa anapiga kelele. Bibi yako kasikia nalia jikoni, kapapasa ukuta mpaka kanifikia, hakuuliza kitu, kanishika kichwa.

Leo nimekupikia uji wa pilipili manga, mwepesi, hauna samaki wala maziwa, hata Mhindi wake hawezi kuukataa. Kunywa kidogo tu nijue.

Andika hata jina lako. Lete leo hii.

Mama yako


Kariakoo, 26 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Niko hai. Nisamehe kwa ile hotpoti. Nilijua itakupiga namna hiyo na ndiyo maana nimechelewa kuirudisha imejaa. Siku nyingine zote ulizoona imeoshwa, Mama, mwanzo nilikula. Halafu nikashindwa, nikawa namwaga chooni na naosha, na kila nikimwaga nalia kwa sababu nakuona ulivyoamka alfajiri. Juzi nikasema sitamwaga tena chakula cha mama yangu. Nikairudisha.

Sasa nakuambia ukweli wote, usome taratibu.

Sijawahi kukaa na njaa humu ndani hata siku moja. Nimeshiba, Mama. Nimechoka kushiba. Alasiri Bi Amira analeta bakuli la maziwa na samli na tende, anakaa kitandani ananitazama mpaka nimalize, anafurahi kama mtoto. Nikibakisha anasema, "Nimekosea wapi?" na macho yanamjaa. Namaliza. Anatoka na bakuli, Hyasinta anaingia na beseni. Hotpoti yako. Nakumbuka umesema ndiyo simu yako. Nayo namaliza. Supu ya pweza juu ya maziwa, embe juu ya pweza, halafu usiku dengu juu ya vyote. Kila siku. Nilikuwa nasikia tumbo linazunguka kama Kariakoo siku ya kuamkia Idi, na bado natia kingine, kwa sababu kila bakuli lina mtu nyuma yake.

Yeye anasema chakula chako ndicho kingeniharibu. Wewe unasema chake. Mimi nilikuwa nakula vyote ili pasiwe na aliyekosea. Na kila tumbo likichafuka, arobaini inaanza upya, na kila ikianza upya wewe unaongeza hotpoti, na yeye anaongeza samli. Nilikuwa najifungia mwenyewe lile geti, Mama, kwa kijiko.

Lujain kachukuliwa tangu Jumatano. Yuko chumba cha pili, anapewa ya kopo. Maziwa yangu yananiuma, nakamulia kwenye kikombe namwaga. Namsikia akilia, ukuta ni mwembamba. Bi Amira anasema nikikaa wiki nzima tumbo limetulia atamrudisha. Tangu nimeacha hotpoti, tumbo limeanza kutulia. Uji wako wa juzi nao sikuunywa. Ulikuwa unanukia.

Nakuomba, na nisipokuomba wewe nani mwingine nitamwomba. Usinipikie.

Najua nimeapa uongo. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Mwanao,
Anfal


Magomeni, 29 Mei 2025

Mwanangu Anfal, mama yangu, jicho langu,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute wewe na Lujain mkiwa chumba kimoja, na kama bado basi inakaribia. Baba yako mzima, anakusalimu, mguu umepungua. Ridhiwani mzima. Bibi yako mzima, leo hakuuliza kama umefika, kasema tu mwambieni Anfal sina haraka, nami namjua kwamba haraka anayo. Celina mzima. Watoto wa paka wamefunua macho.

Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikaenda kuzima jiko. Kulikuwa na supu motoni.

Nilikaa pale kwenye kibao cha mbuzi, mwanangu, muda mrefu. Nikawa najiuliza, hivi mimi na yule mwanamke tofauti yetu nini. Yeye kakufungia kwa ufunguo. Mimi nilisema nakuokoa, kumbe kila nikifunika ile hotpoti nakaza kufuli. Sijui kama ni pweza na maziwa kweli hawapatani au ni wingi tu, hilo waulizwe wenye elimu yao. Mimi najua kwamba hakuna aliyekuuliza una njaa. Hata mimi. Niliuliza wanakulisha nini.

Jana asubuhi nikavaa baibui langu jeusi la misiba, nikaenda Kariakoo, nikapanda ngazi. Kila ghorofa nilikaa. Nikafika kwenye geti, nikagonga kwa pete. Bi Amira kaja, hakufungua. Nikasema sikuja kuingia.

Nikamwambia hapohapo kwenye vyuma. Nikasema, "Bi Amira, ulichouliza siku ile barabarani, unakosea nini, hukukosea. Ni mimi. Supu ilikuwa inapanda humu kila siku ndani ya nepi. Na binti yangu aliapa kwa sababu nilimlazimisha, kiapo kile ni changu." Akikuuliza, mwambie hivyohivyo, Mama alinilazimisha. Si uongo. Hotpoti ilikuwa inakushika mkono kuliko maneno. Na Hyasinta nimemwombea msamaha, nimesema nilimsumbua mpaka akakubali.

Nilitegemea matusi. Akashika chuma cha geti, kama mtu anayetaka kukaa chini. Akasema, "Juu ya maziwa yangu?" Nikasema juu ya maziwa yako. Akasema, "Na alikuwa anamaliza?" Nikasema anamaliza yote mawili. Basi tukatazamana, wanawake wazima, mmoja huku mmoja kule. Akasema polepole, "Alikuwa anatuonea huruma." Akapangusa uso kwa ukaya wa kichwani.

Nikadhani sasa atafungua. Hakufungua, Anfal. Nisikufiche. Kasema tabibu kashasema, na yeye ndivyo alivyopona, siku zako zinaanza kuhesabiwa tangu ulipoacha hotpoti. Idi Kubwa utakuwa humohumo, na siku nyingi baada yake. Nilibisha, nikaomba, nikataja jina la Muhannad. Akatikisa kichwa. Lakini kasema mtoto atarudi ziwani, kwa kuwa sasa anajua kilichokuwa kinamliza. Na kasema barua zije waziwazi, kwa mlango, hatazisoma. Na maziwa atakuuliza kwanza kama unayataka. Nikamwambia hilo ni kubwa. Akasema, "Litanishinda." Nikamwambia hata mimi.

Nimeshuka ngazi bila kushika ukuta. Chini nikatazama juu. Pazia la kijani lilikuwa limesogezwa. Sikujua ni wewe au upepo, lakini dirisha halifunguliwi, kwa hiyo nikasema ni wewe, nikapunga mkono, yule muuza vitenge akapunga naye.

Leo alfajiri mikono imeamka kabla yangu. Nilijikuta nimeshakata vitunguu. Tumekula sisi, baba yako kasema supu nzuri, nikamwambia nyamaza.

Hotpoti nakuletea, kubwa ile ya harusi. Usiogope kuifunua, ni tupu. Nimeiosha, nimeianika juani, haina hata harufu. Imebeba hii barua tu. Nirudishie vivyo hivyo, usitie kitu zaidi ya neno lako. Niambie Lujain kalala wapi, na leo una njaa au huna. Upesi, mwanangu. Nitakuwa mlangoni, kanga begani.

Mama yako,
Hind